Mama Mjamzito Safarini: Siku Kumi za London na Paris

Ndege ya abiria huruka kiasi cha mita 11,000 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni haba mno hata binadamu hawezi kuishi, na kwa sababu hiyo mitambo ya ndege husukuma hewa ndani ya chumba cha abiria. Hata hivyo, kanieneo ya hewa hiyo haifikishwi kwenye kiwango cha Dar es Salaam au Tanga. Huachwa ilingane na hewa ya mahali palipoinuka mita 1,800 hadi 2,400. Kwa maneno mengine, abiria atokaye Afrika Mashariki kwenda Ulaya hukaa saa nane au tisa kana kwamba ameketi kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Kwa mtu mzima mwenye afya njema jambo hilo halina uzito. Je, kwa mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano?

Swali hili linastahili kujibiwa kwa makini, kwa kuwa majibu yanayosikika majumbani yanapingana. Wazee wengi hushauri kwamba mjamzito asitoke mbali na kwao mpaka ajifungue. Vijana nao hujibu kwamba mimba si ugonjwa. Kila upande una sehemu yake ya ukweli. Elimu ya uzazi inaonyesha kwamba mjamzito mwenye afya anaweza kusafiri ng'ambo kwa matembezi, ila kwa sharti moja kubwa: kalenda ya mimba itangulie, na kalenda ya safari iifuate. Wenye kupanga kinyume cha hayo ndio wanaopata shida.

Mfano unaofaa ni wa mke na mume wakaao Dar es Salaam, wanaotarajia mtoto wao wa kwanza, ambao kwa miaka kadhaa wamekuwa wakiweka akiba ili waione miji ya London na Paris. Wana siku kumi za likizo. Wajipangeje?

Kutafuta pengo

Mimba huhesabiwa kwa wiki 40, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wiki 12 za mwanzo hazifai kwa matembezi. Ndicho kipindi cha kichefuchefu na uchovu, na mimba nyingi zinazoharibika huharibika wakati huo. Isitoshe, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huweza kupasua mrija na kumwaga damu nyingi kabla mama hajafahamu kuwa kuna kasoro. Kwa upande wa pili, kuanzia wiki ya 28 mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari. Mwongozo wa wataalamu wa uzazi wa Uingereza unashauri mama asiruke baada ya wiki ya 37, na kama ana mapacha, baada ya wiki ya 32. Linalobaki, basi, ni lile fungu la kati, yaani wiki ya 14 hadi ya 27.

Ndani ya fungu hilo upo wakati ulio bora zaidi. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza mjamzito aonane na wahudumu wa afya mara nane: kabla ya wiki ya 12 kumalizika, kisha katika wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Kati ya hudhurio la wiki ya 20 na lile la wiki ya 26 kuna pengo la wiki sita. Baada ya hapo mahudhurio huanza kufuatana kwa karibu. Tena, kati ya wiki ya 18 na ya 22 ndipo kipimo cha ultrasaundi huweza kuonyesha vizuri viungo vya kijusi na mahali lilipojishikiza kondo la nyuma. Ikiwa kondo limeziba mlango wa mfuko wa uzazi, mama anaweza kutokwa na damu ghafla, na safari haina budi kuahirishwa.

Kwa hiyo wanandoa hawa wapimwe katika wiki ya 20, waondoke katika wiki ya 21, na wawe wamerudi kabla ya wiki ya 23 kumalizika. Mtu ataweza kuuliza: kwa nini wasingoje mpaka wiki ya 25 au 26, ilhali mama bado ana nguvu? Sababu ni nzito. Kuanzia kiasi cha wiki ya 24, mtoto azaliwaye kabla ya wakati anaweza kuokolewa, endapo patakuwapo vifaa na wauguzi mahiri. Lakini mtoto wa namna hiyo kwa kawaida hulazwa hospitalini hadi karibu na tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, yaani miezi mitatu au zaidi. Wazazi walioaga nyumbani kwa siku kumi watajikuta katika mji wa kigeni kwa miezi, viza zao zikiisha, kazi zikiwangoja, na gharama za hospitali zikipanda kila uchao. Jambo hilo hutokea kwa wachache sana. Walakini uzito wake ni mkubwa kiasi kwamba haifai kulikaribia kwa hiari.

Yafaa ifahamike pia kwamba mpango huu unawanyima wasafiri uchaguzi wa majira. Wiki ya 21 huja inapokuja. Ikiangukia Januari, watakuta baridi kali, njia zenye utelezi na msimu wa mafua makali ya influenza, ambayo humwelemea mjamzito kuliko watu wengine. Chanjo yake ya sindano haina virusi hai, nayo inaruhusiwa katika mimba. Ikiangukia Julai au Agosti, watakumbuka kwamba joto la Agosti 2003 liliua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa, ambako nyumba nyingi zimejengwa kuhifadhi joto na si kulipunguza.

Viza mbili na bima moja

Uingereza haimo katika mapatano ya Schengen, na Ufaransa imo. Kwa hiyo Mtanzania anayetaka kuiona miji hii miwili huhitaji viza mbili. Maombi ya viza ya matembezi ya Uingereza hupokelewa katika miezi mitatu inayotangulia safari. Yale ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla, na yasichelewe hata zikabaki siku zisizotimia 15. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka wiki ya 21, mlango wa viza ya Uingereza hufunguka katika wiki ya 8 ya mimba, wakati ambapo wengi ndio kwanza wamepata uhakika wa ujauzito. Muda upo, ila wa kupoteza haupo.

Viza ya Schengen hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Uingereza haidai bima, lakini mgeni anayelazwa katika hospitali za umma hutozwa asilimia 150 ya gharama iliyowekwa. Sheria za huko hazimruhusu mhudumu kumnyima au kumcheleweshea mjamzito huduma ya uzazi kwa sababu hana fedha mkononi. Atahudumiwa kwanza, na hati ya madai itamfuata baadaye.

Ni kosa kudhani kwamba bima yoyote iliyokubaliwa na ubalozi inatosha. Kuna maswali matatu ambayo lazima yajibiwe na kampuni ya bima kwa maandishi. Je, inagharimia matatizo ya mimba, na hadi wiki ya ngapi? Je, inamgharimia mtoto akizaliwa kabla ya wakati, au inamgharimia mama peke yake? Je, inamgharimia mwenzi atakayelazimika kubaki naye? Bima nyingi hulijibu vizuri swali la kwanza na kunyamazia la pili, na la pili ndilo lenye gharama kubwa kupita yote.

Hapa pana jambo jingine ambalo wanandoa hulisahau. Ikiwa katika wiki ya 20 mkunga au daktari atasema mama asisafiri, neno hilo lisishindane na tiketi. Ndiyo maana ni busara wenzi hao wakubaliane mapema, kabla fedha hazijalipwa, kwamba hudhurio la wiki ya 20 ndilo litakaloamua, na wanunue tiketi na vyumba vinavyoweza kuahirishwa hata kama bei yake imezidi kidogo. Mtu aliyekwisha kulipa fedha zisizorudi husikia ushauri wa daktari kwa sikio moja tu.

Mwili ndani ya ndege

Sasa swali la mwanzo linaweza kujibiwa. Katika hewa ya chumba cha ndege, damu ya mama hubeba oksijeni pungufu kidogo. Lakini kijusi kina aina yake ya hemoglobini, ambayo hung'ang'ania oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko hemoglobini ya mtu mzima. Maumbile yamekitayarisha kuishi mahali penye oksijeni haba, kwa kuwa hata mama akiwa pwani, damu inayokifikia kupitia kondo la nyuma ina oksijeni chache. Hivyo safari ya ndege haikidhuru, mradi damu ya mama yenyewe ni nzima.

Mradi huo ndio wa kuangaliwa Afrika Mashariki. Mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu ikiwa hemoglobini yake haifikii gramu 11 kwa desilita moja. Hali hiyo ni ya kawaida mno katika nchi zetu, na huweza kutibiwa kwa vidonge vya madini ya chuma, ila matibabu huchukua majuma kadhaa. Basi damu ipimwe mapema, si siku mbili kabla ya kuondoka. Mwenye ugonjwa wa selimundu ana hatari zaidi, maana upungufu wa oksijeni huweza kuzifanya chembe zake za damu zijikunje na kuziba mishipa. Huyo asipande ndege bila idhini ya daktari anayemfahamu.

Hatari ya pili ni kuganda kwa damu miguuni. Katika mimba damu huongezewa uwezo wa kuganda, ili mama asivuje kupita kiasi wakati wa kujifungua. Kinga hiyo hugeuka tatizo mtu anapokaa bila kujinyoosha. Misuli ya ndama za miguu ndiyo pampu inayoirudisha damu juu kuelekea moyoni, na pampu isiyofanya kazi huacha damu ituame. Donge likiganda mguuni huweza kung'oka na kusafiri hadi mapafuni. Dawa ya jambo hili ni rahisi: mama apewe kiti cha kando ya njia, asimame na kutembea kila baada ya saa moja au mbili, azungushe nyayo akiwa ameketi, anywe maji mara kwa mara kwa kuwa hewa ya ndege ni kavu mno, na avae soksi za kubana zilizopimwa kwa mguu wake. Mkanda wa kiti ufungwe chini ya tumbo, juu ya mapaja, wala usipite katikati ya tumbo.

Wengine huhofia mionzi. Milango ya ukaguzi wa abiria viwanjani hutumia sumaku au mawimbi ya redio yenye nguvu ndogo. Mashine ya eksirei hupitishiwa mizigo. Mionzi itokayo angani huongezeka kweli katika kimo kikubwa, lakini safari ya kwenda na kurudi haifikishi hata theluthi moja ya milisivati 1, kiwango kinachotumiwa kuwa kikomo kwa wahudumu wa ndege walio wajawazito. Kwa abiria wa likizo moja si jambo la kuhangaisha.

Homa isiyofikiriwa

Vitabu vya usafiri vilivyoandikwa Ulaya humwonya mjamzito asije katika nchi zenye malaria. Kwa Mtanzania onyo hilo ligeuzwe. Yeye anatoka katika malaria, na anaweza kwenda nayo bila kujua. Vimelea vya malaria kali vina tabia ya kujificha ndani ya kondo la nyuma. Hata damu ikichukuliwa kidoleni huenda visionekane, na mama mwenyewe asihisi homa kwa siku nyingi, hali mtoto ananyimwa chakula tumboni.

Tanzania Bara wajawazito hupewa vidonge vya SP kliniki kuanzia miezi mitatu ya mimba inapotimia, kila mara kwa nafasi ya mwezi mmoja au zaidi. Safari ya siku kumi inaingia vizuri kati ya dozi mbili, ikiwa tarehe zimepangwa kwa kuangalia kadi ya kliniki. Lakini likubwa ni hili: mama akipata homa akiwa London au Paris, asingoje aulizwe. Aseme mwenyewe kwamba ametoka katika nchi yenye malaria na kwamba ni mjamzito. Daktari anayeona mafua kila siku huweza kudhani ni mafua, na malaria katika mimba haistahimili kucheleweshwa.

Ngazi na foleni

Kufikia wiki ya 21 wingi wa damu ya mama umeongezeka sana, hata mwisho wake utafikia karibu nusu zaidi ya ule wa awali, na moyo unafanya kazi ya ziada hata akiwa amelala. Kano za nyonga zimelegea, na uzito wa tumbo umeanza kuusogeza mbele mhimili wa mwili. Ajabu ni kwamba katika hali hii kutembea taratibu si tatizo. Tatizo ni kusimama. Mtu anayesimama kwenye foleni kwa saa nzima hutuamisha damu miguuni, shinikizo la damu hushuka, na kizunguzungu humjia. Kwa hiyo fedha ya ziada itumike kununua tiketi zenye saa maalumu badala ya kupanga mstari.

Sehemu ya pili ya kazi ni kupunguza. Miji yote miwili imejaa ngazi. Kufika kileleni mwa kuba la kanisa la St Paul's, London, ni ngazi 528. Kituo cha treni za chini ya ardhi cha Covent Garden kina ngazi 193 kwa asiyetaka kungojea lifti. Paris nako, Arc de Triomphe ina ngazi 284, na mnara wa Eiffel una ngazi 674 hadi ghorofa ya pili. Katika reli ya chini ya ardhi ya Paris, njia ya 14 ndiyo peke yake yenye lifti katika vituo vyote. Kwingineko ni afadhali basi.

Yanayobaki baada ya kupunguza si machache. Greenwich yafikiwa kwa mashua katika mto Thames, na huko ndiko upitapo mstari uliochaguliwa na mkutano wa Washington mwaka 1884 kuwa mwanzo wa kuhesabu longitudo za dunia. Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe la London halina kiingilio. Lina uhusiano wa pekee na Tanzania, kwa kuwa kati ya 1924 na 1931 Waingereza walichimba mifupa ya dinosauri huko Tendaguru, mkoani Lindi, na kiongozi wa kwanza wa msafara huo, William Cutler, alifia Lindi mwaka 1925 kwa malaria. Paris, jengo la Panthéon ndimo Léon Foucault alimotundika pendulamu yake mwaka 1851 ili watu waone kwa macho kwamba dunia inazunguka, na ndimo alimozikwa upya Marie Curie mwaka 1995. Mnara wa Eiffel hupandwa kwa lifti, na majina 72 ya wanasayansi na wahandisi yaliyoandikwa ubavuni mwake husomeka kutoka chini, kwa mtu aliyeketi.

Kanuni nzuri ni jambo moja kwa asubuhi, pumziko mchana, na jambo jepesi jioni. Tofauti ya saa si kubwa: London iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa mbili wakati wa kiangazi na tatu wakati wa baridi, na Paris kwa saa moja au mbili. Katika treni za London mjamzito hupewa bure beji ndogo inayowaomba abiria wampishe kiti. Asione haya kuivaa.

Kutoka mji mmoja hadi mwingine ifaayo ni treni. Hupita katika njia iliyochimbwa chini ya bahari na kufunguliwa mwaka 1994, yenye urefu wa kilomita 50, ambazo 38 kati yake zi chini ya maji. Safari huchukua kama saa mbili na robo, hakuna upungufu wa oksijeni, na mama anaweza kutembea apendapo. Tena wakinunua tiketi ya ndege ya kuingilia London na kutokea Paris, hawatalazimika kurudi nyuma.

Mezani

Jibini nyingi za Ufaransa hutengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa, na zaweza kuwa na bakteria iitwayo listeria. Bakteria hii ni ya ajabu, kwa kuwa huendelea kuzaliana hata ndani ya jokofu. Mama huweza kuhisi kama ana mafua mepesi tu, na mimba ikaharibika. Nyama isiyoiva, ambayo huko huhesabiwa kuwa chakula cha heshima, huweza kuwa na vimelea vya toksoplazma vinavyodhuru ubongo na macho ya kijusi. Hapa desturi ya Mwafrika Mashariki ya kula chakula kilichoiva na kingali moto ni kinga bora, wala asiiache kwa kuogopa kuonekana mshamba.

Bahasha ya mwenzi

Mume ana kazi nyingine zaidi ya kubeba mizigo. Yeye ndiye atakayesema iwapo mama hataweza kusema. Awe na bahasha yenye nakala ya kadi ya kliniki, kundi la damu ya mama, majibu ya ultrasaundi, barua ya daktari na hati ya bima, na tarehe ya kujifungua aikariri kichwani. Ajue kwamba simu ya dharura London ni 999, Paris ni 15 kwa gari la wagonjwa, na kwamba 112 husikika kote kuwili. Ajue pia dalili zisizongojewa mpaka kesho: damu ukeni, maji kuvuja, maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, kichwa kuuma sana pamoja na macho kufifia, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana.

Pakitokea mojawapo ya hayo, matembezi yamekwisha siku hiyo, hata kama tiketi ya mnara iko mfukoni. Pasipotokea lolote, na kwa walio wengi halitokei, watarudi Dar es Salaam na hudhurio la wiki ya 26 likiwa bado mbele yao. Usiku wa kwanza nyumbani, kabla ya kufungua mizigo na kugawa zawadi, watande chandarua.